Pasta na Mchi

Kila Jumamosi, uani mwa kanisa kule Ngezi, pasta wa vijana huvua saa, hukunja mikono ya shati, kisha humpokonya Mama Léontine mchi. Hutwanga sombe, majani ya muhogo ya kupikia wanakwaya, vibaya mpaka majani yanamrukia kwenye miwani, na hucheka kabla hajachekwa.

“Pasta, rudisha muchi, utavunja kinu yangu,” mama humwambia.

Jumamosi hii Alliance, binti aliyekimbia vita Djugu na ambaye hakuwa ameimba tangu afike, alianza kuimba taratibu, akifuata mapigo ya mchi. Pasta hakucheka wala kuinua kichwa. Aliendelea kutwanga kwa mwendo uleule, jasho likimdondoka. Mama Léontine alichungulia kinuni. Sombe ilikuwa imelainika zamani. Akaongeza fungu lingine la majani.