Mwalimu wa Tuseme

Mwalimu wa sayansi hufungua kila somo kwa neno moja, "Tuseme," huku akijipangusa chaki kwenye sweta yake ya kijani. Tuseme nguvu ya mvutano imeisha: kikapu cha majani chai kinaelea juu ya shamba, mchumaji anakikimbiza. Darasa huangua kicheko, kisha huanza kukokotoa uzito wa kikapu hicho mwezini. Nelvine peke yake alikuwa hacheki, tangu mashine za kuchuma chai za kampuni zichukue kazi ya mamake. Jana aliinua mkono.

"Tuseme mashine zimechoka, mwalimu. Zimegoma."

Mwalimu akampa chaki, akaenda kuketi kwenye dawati la Nelvine, akanyoosha mkono kama mwanafunzi yeyote.

"Mwalimu," akamuuliza Nelvine bila mzaha, "sasa kampuni itaenda kumbembeleza nani?"