Dona Ofelia Katika Saluni ya Mama Joyness

Mwanamke yeyote wa Babati mjini aliyetaka kujua tamthilia ipi inafaa kufuatiliwa na ipi ni ya kupoteza jioni bure, alikwenda kumwuliza Emerensiana. Yeye mwenyewe hakuwa na televisheni. Alikuwa msusi katika saluni ya Mama Joyness, chumba kimoja nyuma ya soko, chenye driya mbili, viti vya plastiki na televisheni ya inchi kumi na nne iliyowekwa juu ya kabati la mafuta ya nywele.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya mkoa mpya wa Manyara. Ofisi zilikuwa zinafunguliwa kila kona, na wageni wanaingia mjini na magodoro yao juu ya mabasi. Tamthilia zilitoka Meksiko na Ufilipino, zimeingizwa sauti za Kiingereza, na Kiingereza kiliwapita wateja wengi. Lakini Emere, kama walivyozoea kumwita, alisoma kwa masista hadi kidato cha nne na akafaulu Kiingereza vizuri kuliko wenzake wote wa darasa. Mikono yake ilisuka, macho yake yakabaki kwenye kioo cha televisheni, na mdomo ukatafsiri. Alitafsiri kwa sauti za watu. Mzee akilia, Emere alilia kizee. Akishasema, "Hii ya Jumatatu achaneni nayo, haina kichwa wala miguu," hakuna aliyeifungulia tena.

"Wewe ungekuwa mwalimu," Mama Joyness alimwambia mara nyingi.

Emere alivuta msuko mwingine. Mkoa ulipoanza na nafasi za kazi zikabandikwa mbaoni, alikuwa na cheti chake cha kidato cha nne kwenye sanduku, chini ya kitanda, katika chumba cha mtaa wa Nangara alichopanga pamoja na rafiki yake Evangelina, aliyekuwa na mtoto mdogo. Kabla hajapeleka barua ya maombi, habari zilimfikia kwamba mama yake ni mahututi kijijini Dareda. Alikwenda kumwuguza. Alikaa miezi minne, akamzika, akarudi. Sanduku lilikuwa pale pale. Cheti hakikuwemo.

Alimwuliza Evangelina mara ya kwanza, akaambiwa labda ni panya. Akauliza mara ya pili, akaambiwa labda alikwenda nacho Dareda. Mara ya tatu Evangelina alimshika mkono, machozi yakimlengalenga, akasema, "Mdogo wangu, nakuona umefiwa. Mungu atakupa kingine." Mwezi uleule Evangelina alihamia nyumba ya vyumba viwili yenye umeme. Alisema mjomba wake amemtafutia kazi ya ukarani kwenye ofisi moja mpya. Kutafuta cheti kingine kulitaka barua za polisi na safari ya Dar es Salaam. Emere, aliyekuwa ametoka kuzika, alishika kitana.

Miaka miwili ikapita. Mwanawe Evangelina aliitwa Nickson, na mtaani hakuna aliyemwita mama huyo kwa jina jingine ila Mama Nickson. Alikuwa mteja wa saluni. Kila jioni akitoka kazini alipitia pale kutazama tamthilia, mkoba mapajani, akimwambia kila mtu, kwa tabasamu lake la mwanya, jinsi Emere alivyo na kipaji.

Asubuhi moja ya Jumamosi aliingia mteja mgeni, Redempta, katibu muhtasi aliyekuwa akiishi mtaa wa Nakwa. Alitaka rasta ndogondogo. Wakiwa katikati ya kichwa, akauliza, "Emere ni kifupi cha nini, dada?"

"Emerensiana."

"Makubwa! Ofisini kwetu yupo karani Emerensiana. Nilidhani hilo jina analo yeye peke yake."

"Baba yake nani?"

"Anaandika Emerensiana Anselimu Tluway."

Kitana kilisimama. Hilo lilikuwa jina la Emere mwenyewe, lote. Redempta akageuza shingo. "Vipi, nimekaa vibaya?"

"Hapana. Inamisha kichwa." Emere alianza tena kusuka, polepole. "Yukoje huyo dada?"

"Mrefu, ana mwanya mbele. Mchangamfu sana. Ila mkuu wetu akimpa barua ya Kiingereza aichape, huniletea mimi kwa mlango wa nyuma. Nashangaa, maana cheti chake kina alama nzuri."

Vyeti vya wakati ule havikuwa na picha. Emere alimaliza kichwa cha Redempta bila kukosea hata msuko mmoja. Mteja alipoondoka, aliingia chooni, akauma khanga yake mpaka meno yakauma.

Angeweza kwenda polisi siku hiyohiyo. Alilifikiria jambo hilo, akaona halitoshi. Wangemwachisha kazi Evangelina kimyakimya, naye angehama na kuanza upya mahali pengine, akisema alionewa. Emere alitaka kwanza mwenzake aogope. Alitaka aogope akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya watu, na asiweze kuinuka.

Wiki hiyo ilikuwa imeanza tamthilia mpya. Kulikuwa na shamba kubwa la farasi, mama tajiri aitwaye Dona Ofelia, na msichana wa jikoni aitwaye Lusia. Ukweli ni kwamba waligombania wosia wa shamba. Emere alisikiliza vipande viwili, kisha akaacha kuwasikiliza kabisa. Kuanzia hapo alitafsiri yake.

"Jamani," alisema Jumatatu, akielekeza kitana kwenye kioo, "huyu Dona Ofelia si Dona Ofelia. Jina si lake. Walikuwa wanalala chumba kimoja na Lusia. Lusia alipokwenda kumwuguza mama yake, huyu akafungua sanduku akachukua cheti."

"Mungu wangu!" alisema Rosa, muuza nyanya aliyekuwa chini ya driya. "Cha mwenzake?"

"Cha mwenzake. Ndicho anachokulia."

Saluni iliwaka moto. Mmoja akasema Lusia mjinga, angemshtaki. Mwingine akasema amloge. Emere aliwaachia nafasi, akauliza kila mmoja maoni yake kama vile anakusanya kura. "Wewe Rosa, ungemfanyaje?" Rosa akasema angemmwagia uji wa moto. "Na wewe, Mama Joyness?" Mama Joyness akafikiri, akasema, "Mimi ningemwita kwa jina lake mbele za watu. Basi."

"Na wewe, Mama Nickson?"

Evangelina alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. "Mimi? Ah. Hayo ni mambo ya kwenye televisheni."

Ilikwenda hivyo kwa wiki sita. Wanawake walipigiana mbiu sokoni: acheni ile ya saa moja, njooni saluni saa kumi na mbili, kuna mwizi wa cheti. Viti havikutosha, watu wakasimama mpaka mlangoni. Kila siku Emere aliongeza kitu. Siku moja Dona Ofelia alimwambia Lusia labda ni panya. Siku nyingine alimshika mkono akisema Mungu atakupa kingine, na Emere aliisema sentensi hiyo kwa sauti ya Evangelina hasa, na kule kuvuta pumzi kwake mwishoni. Rosa alitema mate nje. Emere hakutazama televisheni kabisa wakati huo. Alitazama mikono ya Evangelina ikikunja na kukunjua kamba ya mkoba, na moyoni mwake akasikia utamu ambao hajawahi kuusikia kwa chakula wala kwa mwanamume.

Mtu angeuliza, mbona Evangelina hakuacha kuja? Alijaribu. Alikosa siku mbili, siku ya tatu akarudi. Asingeweza kukaa nyumbani bila kujua Emere amesema nini jioni hiyo. Badala yake alianza kupiga kampeni. "Jamani, hii imeshachuja," alisema. "Kuna moja ya Kifilipino, saa hizi hizi, stesheni nyingine. Nzuri mno! Ofisini wote wanaangalia hiyo. Mapenzi matupu."

"Mapenzi tumeyachoka," akajibu Rosa. "Sisi tunataka kuona huyu mwizi anakamatwa."

Evangelina akaleta hata keki, akaomba wabadilishe stesheni mara moja tu, kwa kuonja. Mama Joyness alikula keki na stesheni haikubadilishwa.

Jumamosi ya wiki ya sita tamthilia ilioneshwa mapema, saa kumi alasiri, na Emere alimwomba Redempta aje kurekebishiwa rasta saa hiyohiyo. Redempta alikaa nyuma, karibu na ndoo ya maji. Evangelina aliingia akiwa na Nickson, akaketi mbele bila kumwona Redempta. Muziki wa tamthilia ulipoanza, Emere alishika koo.

"Leo sauti imekauka, ni hili vumbi. Lakini hatuwezi kukosa. Mama Nickson ni mtu wa ofisi, Kiingereza ndio kazi yake. Atutafsirie yeye."

"Eee! Mama Nickson! Simama tukusikie!"

"Mimi nimechoka, jamani. Kiingereza cha wiki nzima…"

"Dakika kumi tu!" Walikuwa wanapiga makofi. Nickson, mtoto wa miaka mitano, alipiga makofi pia, akamsukuma mama yake mgongoni.

Evangelina alisimama. Kwenye kioo Dona Ofelia alikuwa akizungumza na padri, uso umekunjamana. Evangelina akakikazia macho kioo. "Anasema… anasema hajachukua cheti. Anasema Lusia anamwonea wivu. Kwamba… cheti kilipotea chenyewe."

"Mwongo huyo!" Rosa alifoka.

"Anasema alikuwa na shida. Kwamba alikuwa na mtoto mdogo, na hakuwa na mtu."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ndipo Redempta akasema kutoka nyuma, kwa mshangao tu, bila nia mbaya, "Samahani, lakini hawasemi hivyo. Wanazungumzia farasi. Padri anamwuliza farasi wameuzwa kwa nani."

Watu wote waligeuka. Evangelina aligeuka pia, akamwona Redempta, akaketi.

"Farasi?" Mama Joyness aliuliza. "Cheti kiko wapi?"

"Hakuna cheti chochote," Redempta alisema. "Ni ugomvi wa shamba tu."

Mama Joyness akamgeukia msusi wake. "Emere. Wiki sita hizi umekuwa ukitudanganya?"

Emere aliweka kitana mezani. Koo lake halikuwa na tatizo lolote sasa. "Farasi ni wao. Cheti ni changu. Dada Redempta, huyu aliyekaa mbele, ofisini mnamwitaje?"

Redempta alimtazama Evangelina, kisha akamtazama Emere, na ikaonekana usoni kwake namna mambo yalivyokuwa yanapangika. "Emerensiana," alisema taratibu. "Emerensiana Anselimu."

Hakuna aliyemwagia mtu uji. Ilikuwa mbaya kuliko hivyo. Walimtazama tu, wanawake ishirini, na televisheni ikiendelea kupiga kelele kwa Kiingereza. Nickson akauliza, "Mama, wewe ni Emerensiana?" Evangelina akamnyanyua mtoto, akatoka, nao wakampisha mlangoni, kila mmoja akivuta khanga yake isimguse.

Jumatatu Evangelina hakuripoti kazini. Jumanne Emere aliambiwa yuko stendi na mizigo, akaenda mbiombio bila kuvua aproni. Alimkuta dirishani mwa basi la Singida.

"Ungeniambia pembeni," Evangelina alisema, macho yamevimba. "Ningekurudishia."

"Nilikuuliza mara tatu."

"Nina mtoto, Emere."

"Na mimi nilikuwa na mama." Alisimama pale mpaka basi likaondoka, na hata baada ya vumbi kutulia alikuwa bado amesimama.

Ofisi ilimrudishia cheti, kimetobolewa matundu mawili ya faili. Kazi hawakumpa, walisema nafasi imefutwa. Saluni nako mambo hayakuwa kama zamani. Wapo waliomsifu, wapo waliosema mtu anayeweza kutunga uongo wa wiki sita bila kupepesa macho si wa kumwachia kichwa chako. Mama Joyness alimtetea, ila alianza kuwaalika walimu waje kuhakikisha tafsiri, na Emere akaona aibu ya kusimamiwa. Mwaka uliofuata alipata kazi ya ukarani kwenye shule moja ya sekondari, kwa cheti kile chenye matundu. Aliifanya vizuri. Jioni alitazama tamthilia peke yake, kwenye televisheni yake mwenyewe, na watu walipomwuliza ipi nzuri aliwajibu kwa kifupi.

Alipoulizwa kama alimwonea huruma yule mtoto, alisema ndiyo. Alipoulizwa kama angefanya vingine, alisema hapana.

Mwaka wa nne tangu Evangelina aondoke, kondakta wa basi alimletea bahasha kutoka Singida. Ilikuwa barua ya kurasa mbili, mwandiko wa Evangelina. Alisema anauza vitenge sokoni, Nickson anasoma vizuri, na usiku hapati usingizi. Aliomba msamaha kwa jina la Mungu na kwa jina la marehemu mama yake Emere.

Emere aliisoma akiwa amesimama kwenye dirisha la ofisi. Kisha aliketi, akachukua kalamu nyekundu ya mwalimu wa zamu, akaanza kusahihisha. *Nizamehe* akaandika juu yake *nisamehe*. *Niritenda* akaandika *nilitenda*. Aliweka nukta zilizokosekana, akapigia mstari sentensi isiyo na kitenzi. Chini kabisa hakuandika neno lolote, wala salamu. Aliirudisha kwenye bahasha yake, akaifunga kwa gundi, na jioni akampa kondakta yuleyule.