Viberiti vya Mpiga Picha

Mpiga picha wa Chang'ombe hupuliza vidole kabla ya kugusa kompyuta, kama anayeepua chungu cha moto. Saa ya kamera yake ilikufa zamani, na programu hupanga picha kwa tarehe. Basi harusi, misiba na vipaimara vyote huangukia folda moja, ya Januari mosi. Leo Restuta ametoka Kibakwe kutafuta picha ya marehemu mama yake.

“Ilipigwa lini, dada?”

“Tarehe sijui. Tulikuwa tunapura mtama.”

Mpiga picha akafungua droo ya viberiti vitupu anamotunza kadi za kamera. Kimoja alikuwa amekiandika kwa kalamu: Mtama, Kibakwe. Akachomeka kadi yake, akafuta tarehe kwenye mipangilio ya programu, akaandika maneno hayohayo yawe jina la folda, akahamisha picha upya. Zikashuka humo zote.

“Huyo! Na pengo lake!” Restuta akacheka, na pengo lilelile.

Mpiga picha akachukua kiberiti cha pili, bila kupuliza vidole.