Upanga wa Malaika na Gundi Yangu

Namshukuru Okot, muuza vitunguu wa hapa mtaani kwetu Atlabara, ingawa ndiye aliyeniumbua mbele ya kanisa zima.

Mimi hutengeneza redio, ufundi niliojifunza mwenyewe vitabuni. Kanisa liliponiomba upanga wa moto kwa mchezo wa bustani ya Edeni, niliweka tochi ndani ya mpini wa bomba, kisha nikachomeka mrija wa plastiki uwe bapa la upanga. Okot, aliyeigiza Adamu, akautikisa.

"Mzee, tia skrubu hapa."

"Skrubu itaharibu sura. Gundi inatosha. Nimeupunga mara mia moja."

Kweli niliupunga mara mia, lakini alfajiri, kukiwa na ubaridi. Mchezo ulikuwa saa saba mchana, chini ya mabati, na gundi ikalainika. Malaika alipoinua upanga kumfukuza Adamu, bapa lilichomoka, likapita juu ya kichwa cha mchungaji. Malaika akabaki ameshika tochi.

Watu walicheka. Mama aliyeigiza malaika alikuwa karibu kulia. Okot akaliokota bapa, akalirudisha kwenye mpini na kulishikilia kwa mkono wake mwenyewe.

"Malaika, upanga yako hii. Sasa fukuza sisi."

Akatoka Edeni kinyumenyume, ameushika upanga unaomfukuza. Mchezo ukaokoka. Alipofika nilipoketi aliinama kuninong'oneza, akasahau kipaza sauti alichofungiwa shingoni.

"Mzee wa redio, gundi yako sasa imeshika. Lakini imeshika mimi."