Mvunja Pesa Asiyesema “Zipo”

Saa nne asubuhi, nyundo zimeshapamba moto katika Soko la Shaba mjini Tripoli, Lebanoni, na dukani kwa Wafiq Shahhal hakuna pa kukaa. Duka lenyewe ni upana wa mlango na nusu. Linauza betri, chaja na vocha za simu, lakini waliobanana humu ndani hawakufuata betri. Wengine wamefuata umbea tu, na umbea wanaupata.

Mwanamke mmoja anamwonyesha Wafiq simu. Mumewe aliyeko Kuwait amemtumia mia mbili za “dola ya simu”, pesa isiyo na karatasi wala benki, inayoruka kutoka simu hadi simu. Wafiq anavuta droo na kumpa noti mbili za mia, zile mpya za buluu. Za zamani, nyeupe, mtaa huu unazitazama kama samaki wa juzi.

“Sasa nibonyeze kukutumia?” anauliza mwanamke.

“Usibonyeze kitu, dada. Nenda kwanza kwa Abu Nizar ukanunue mkate. Akizikataa noti zangu, rudi nazo.”

Mwanamke anatoka na pesa, simu yake ikiwa bado na mia mbili zake. Huo ndio utaratibu wa Wafiq, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu: mkate kwanza, kitufe baadaye.

“Huyu siku moja atarudi kwake bila suruali,” anasema Fayez, dereva wa teksi ambaye teksi yake huonekana imeegeshwa zaidi kuliko inavyoonekana ikienda.

“Nimekimbiwa mara mbili kwa miaka minne,” Wafiq anamjibu. “Na mmoja alirudi mwenyewe. Mama mkwe wake ananunua mkate hapohapo.”

Duka linacheka. Mwanamke naye anarudi na mfuko wa mkate, anabonyeza, anakwenda zake. Wafiq hamkati mteja kitu; katika kila mia anapata dola moja kwa wanaonunua kwake dola hizo za simu, na mwezi ukiwa mzuri anafikisha mia nne. Zamani alikuwa akipokea elfu moja na mia nne, amevaa tai.

Ndiyo, tai. Wafiq alikaa miaka ishirini na mbili nyuma ya kioo cha benki moja mjini hapa. Ukimuuliza kuhusu miaka hiyo, anahamisha betri kutoka rafu ya juu kwenda ya chini, kisha anazirudisha juu.

Oktoba 2019 benki za nchi nzima zilifunga milango. Zilipofungua, hesabu za watu zilikuwa palepale kwenye kompyuta, ila kutoa pesa ilikuwa shida. Wafiq na wenzake walipewa neno la kuwaambia wateja: zipo. Pesa zenu zipo, vuteni subira.

“Nililisema mara mia kwa siku,” anasimulia. “Na sikuwa naongopa, hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa naziona kwenye kioo cha kompyuta. Nilidhani kuziona ndiyo kuwa nazo.”

Miongoni mwa waliokuja kwenye dirisha lake alikuwa Mzee Munir, seremala aliyekaa Jeddah miaka thelathini na kurudi na dola elfu sitini na nne. Vali ya moyo wake ilikuwa imechoka. Hospitali ilitaka elfu kumi na moja, tena taslimu. Mzee alikuja mara sita. Mara ya sita alikuja akishikiliwa na mkewe, Bibi Hiyam, mwalimu aliyemfundisha Wafiq hesabu darasa la tatu.

“Zipo, Mwalimu,” Wafiq aliwaambia. “Zipo.”

Walimpa mia mbili kwa wiki. Mzee Munir alizikwa mwezi wa Machi.

Matangani, sinia ya kahawa chungu ilizungushwa kwa kila mtu. Ilipomkaribia Wafiq, Bibi Hiyam aliipokea mwenyewe kutoka kwa aliyeibeba na kuipitisha kwa aliyeketi baada yake. Mtaa mzima uliona, na mtaa huu ukishaona jambo, huna haja ya gazeti. Wafiq aliacha kazi wiki iliyofuata, na tangu hapo Bibi Hiyam hajajibu salamu yake.

Dukani, ubishi umefika pale unapofikia kila siku.

“Mimi nataka nielezwe,” anasema Fayez. “Nyuma ya hii pesa ya simu kuna nani?”

“Nyuma ya lira yetu alikuwepo nani?” anauliza Wafiq.

“Serikali.”

“Haya. Dola moja ilikuwa lira elfu moja na mia tano. Leo ni karibu elfu tisini. Msalimie huyo wa nyuma.”

“Basi hata hiyo yako ni upepo.”

“Sijakataa. Bitkoini yenyewe siigusi, inapanda na kushuka kama homa ya mtoto. Hii ya dola imetulia kidogo, kwa sababu kuna kampuni inaahidi ukitaka dola utapewa. Ahadi tu. Na mimi ahadi za kwenye kioo nazijua.”

“Sasa unaipokea ya nini?”

Wafiq anaonyesha kidole ng’ambo ya kichochoro, kwenye tanuri la Abu Nizar. Mwokaji huyo hununua unga kwa mfanyabiashara wa Mersin, Uturuki, ambaye hataki lira wala hundi ya benki ya hapa. Anataka dola ya simu. Kwa hiyo jioni Abu Nizar humpa Wafiq noti za mauzo, na Wafiq humpa za simu alizopokea mchana.

“Thamani yake ni hiyo tu,” anasema Wafiq. “Kuna mtu anaitaka ili unga uje. Akikosekana mtu huyo, ni tarakimu.”

Hapo ndipo mlango unapotiwa giza, na Fayez, ambaye hajawahi kumpisha mtu kiti, anasimama. Ni Bibi Hiyam, miaka sabini na saba, fimbo mkono mmoja, simu mkono mwingine.

Mjukuu wake Ghadi anachora nembo za makampuni huko Istanbul, na wateja humlipa kwa pesa hiyohiyo. Bibi alikuwa ameapa kwamba tarakimu za kwenye kioo hazitaingia nyumbani kwake tena. Dawa zake za presha alikuwa akiletewa na wasafiri. Safari hii hakuja msafiri, na dawa zimemwishia siku tisa sasa.

Haketi. Anaisukuma simu mezani.

“Ghadi anasema ameniwekea mia tatu. Zipo?”

Wafiq anaisogeza simu kumrudishia.

“Sijui, Mwalimu,” anasema Wafiq. “Neno hilo silisemi tena. Ninachojua, mimi nazipokea.”

“Na kutoka kwako nani anazipokea?”

“Abu Nizar.”

“Abu Nizar? Huyo niliyemrudisha darasa la pili mara mbili?”

“Naye anampa mwenye unga. Mwenye unga anazitaka.”

“Na siku mwenye unga akizikataa?”

Wafiq anatazama meza. “Siku hiyo zitakuwa kama za Mzee Munir.”

Anavuta droo na kuweka noti tatu za buluu mbele yake. “Mkate kwanza, Mwalimu. Usibonyeze.”

Bibi Hiyam anachukua noti, anachukua na simu, anatoka. Dakika tano zinapita. Zinafika ishirini. Fayez anachungulia kichochoroni.

“Kwa Abu Nizar hayupo. Ameshafika kwake yule.”

“Na afike.”

“Mia tatu, Wafiq. Ni karibu kazi yako ya mwezi.”

“Fayez, nyamaza.”

Zinakaribia arobaini fimbo inaposikika tena sakafuni. Bibi Hiyam ana mfuko wa mkate na mwingine mdogo wa duka la dawa.

“Dawa nazo wamezitoa,” anasema. Anabonyeza simu kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayesahihisha daftari. Kisha anaongeza, bila kumtazama mtu: “Munir alihitaji elfu kumi na moja tu.”

Wafiq anamimina kahawa kutoka kwenye birika dogo lililo pembeni na kumsogezea kikombe kwa mikono miwili.

“Kahawa yako sinywi,” anasema Bibi Hiyam. Anafika mlangoni, anageuza kichwa kidogo. “Ghadi atakuwa akituma kila tarehe tatu.”

Akishaondoka, Fayez anakinyooshea mkono kikombe kile. Wafiq anakiondoa mezani na kukiweka juu, kwenye rafu ya betri.

Hana mpango wa kupanua duka, na kurudi benki hataki hata kusikia. Mpango wake ni wa tarehe tatu: kufungua mapema, kuwa na noti tatu za buluu zisizo na mkunjo, na kuchemsha kahawa.

“Nitamimina,” anasema. “Ataikataa. Mwezi unaofuata nitamimina tena.”