Siraji na Vita vya Mlinzi wa Zohali

Jumamosi moja hapa Arua, mwanaume mzima alishika kipaza sauti mbele ya kibanda kilichojaa watu, akatafsiri kwa nguvu zake zote maneno ya mtu aliyefunga mdomo.

Jamaa anaitwa Siraji. Namsema yeye, lakini na mimi nilikuwamo. Msinione mtakatifu.

Siraji ni fundi simu. Ila cheo alichokipenda hasa kilikuwa kile cha admini wa kundi letu la WhatsApp, Watu wa Anga West Nile.

Mule ndani tulikuwa mia mbili na ushee, wa Arua, wa Pajulu, mpaka Koboko, na kazi yetu ilikuwa moja: kubishana juu ya picha za anga, yaani filamu. Roboti gani ana akili. Chombo gani kina mbio. Tamthilia gani iliharibika msimu wa tatu.

Ukitaja picha asiyoipenda, Siraji anakushukia kama mwewe.

"Hiyo ya watoto. Nenda kaone Mlinzi wa Zohali, kisha urudi tuongee kama watu wakubwa."

Mwenyewe alisema ameiona mara nne, na kila mara alilia. Basi na sisi tukawa tumeiona. Muzamili, mwenye kibanda cha video, akaandika kwamba vita vya mwisho vilimtoa machozi. Francis, mwenzetu wa kundini, akasema yeye alianza kulia hata kabla ya hapo.

Ndipo siku moja akaandika Keji. Huyu ni dada wa Sudan Kusini, anashona sare za shule pale Koboko. Maneno yake machache.

"Ile picha mimi naliona. Vita hakuna. Iko mutu moja tu, napanda kitunguu."

Weee!

"Dada, ulienda kuona picha au ulienda sokoni?" Siraji akauliza.

Watu wakamwaga picha za vitunguu. Kuna mjinga mmoja akambatiza Mama Kitunguu. Mjinga huyo ni mimi.

Keji hakutukana. Aliuliza swali moja tu.

"Siraji, wewe naliona kweli?"

Siraji akamtoa kwenye kundi.

Kwa sababu hakuwa ameiona. Hata nusu. Alichowahi kuona ni bango lake: mwanaume mwenye helmeti, kabeba kitu kirefu begani. Mengine yote alitoa kichwani, na kila alipohadithia, askari waliongezeka.

Sasa, Muzamili alikuwa anatafuta mtu wa kukaa na kipaza sauti na kutafsiri picha kwa Kiswahili chetu. Kazi hiyo Siraji aliitamani kuliko mke.

"Mimi nakupa," Muzamili akamwambia. "Jumamosi anza na Mlinzi wa Zohali. Si wewe najua yote kwa kichwa?"

"Mzee, nakala yangu iliharibika."

"Hapana matata. Yule dada ya Koboko iko nayo kwa flashi. Nimemwita."

Siraji alitafuta mtandaoni siku tatu mfululizo. Akaambulia bango lile lile.

Jumamosi alasiri, kibanda kilifurika. Keji alifika kutoka Koboko, akampa Muzamili flashi, akakaa benchi la mbele.

Picha ikaanza. Mwanaume kabaki peke yake kwenye kituo cha anga. Akalala. Akaamka. Akajikuna. Kile kitu kirefu cha kwenye bango kumbe ni bomba la kumwagilia maji.

"Tulieni!" Siraji akanguruma. "Adui wanakuja!"

Saa nzima ikapita. Adui hawakuja. Kilichokuja ni kitunguu.

Jamaa wa kwenye picha akapiga magoti, akachimba udongo kwa vidole, kimya kabisa. Siraji akaona kimya kile kinamla mzimamzima. Akapaza sauti:

"Anasema, askari wangu, jiandaeni! Leo ni kufa au kupona!"

"Mudomo yake imefunga!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Anaongea kwa akili! Watu ya anga iko hivyo!"

Hapo watu walianguka kwenye mabenchi kwa kucheka.

Muzamili akasimamisha picha. "Mupe dada kipaza sauti."

Siraji alimpa bila kumtazama, akakaa chini sakafuni. Keji akaendelea, bila mbwembwe. Mwanaume wa kwenye picha alikuwa anawarekodia ndugu zake ujumbe, na anajua nyumbani hakuna aliyebaki wa kuupokea.

"Anasema, mama, leo kitunguu imeota. Anasema, mimi naongea tu, sauti yangu isipotee."

Hakuna aliyecheka. Siraji aliniambia baadaye kwamba pale ndipo aibu ilipomwingia kweli. Picha ilikuwa nzuri kuliko vita vyake vyote.

Ilipoisha, Muzamili akatugeukia. "Watu ya kundi. Nani naliona hii picha mbele ya leo?"

Mkono mmoja. Wa Keji.

"Mzee," Siraji akamuuliza, "sasa wewe ulilia wapi?"

"Wewe ulisema ulilia. Nibaki macho kavu peke yangu?"

Siraji alimfuata Keji nje. "Dada, nisamehe. Nilikutoa kwa sababu uliniuliza."

"Mimi najua. Lakini ulinitukana mbele ya watu. Hii samahani yako, andika kwa kundi."

Akaandika pale pale: "Sijawahi kuona Mlinzi wa Zohali. Keji alisema kweli. Namrudisha, na uadmini ni wake." Kazi ya kipaza sauti nayo Muzamili alikuwa ameshampa.

Kisha Francis: "Hata mimi." Kisha mimi. Kisha ikawa mvua, mtu juu ya mtu, mpaka adhana ya magharibi.

Na kabla giza halijaingia tulishaanza kugombana tena: nani alikuwa wa kwanza kukiri. Francis anashikilia ni yeye, eti Siraji hahesabiki kwa sababu alikamatwa.

Ndugu yangu, ukiulizwa kama umeona na hujaona, jibu "bado". Neno hilo ni fupi, na anayelisema hatafutiwi mashahidi.