Kampuni Tuliyoigawana Msibani

Heri jambo hili mlisikie kwangu, maana huko mtaani Nyasho limeshafika likiwa limetiwa chumvi, wapo wanaosema nilizimia mbele ya dirisha la ofisi ya mapato nikabebwa, na hilo si kweli, sikuzimia, nilikaa chini mwenyewe. Mengine yote mliyosikia ni kweli na ni mimi niliyeyafanya, na mpaka leo nikipita pale Musoma mjini karibu na ofisi ile huwa natazama chini kama mtu anayetafuta sindano.

Marehemu mume wangu, Mafuru, alikuwa fundi wa pampu za visima. Alianza na baiskeli, mfuko wa spana nyuma, akizunguka vijiji vya Butiama na Bunda, baadaye ikawa halmashauri haitoi kazi kwa mtu mmoja mmoja, inataka kampuni, basi akasajili kampuni. Mimi alinifuata jikoni nikichambua dagaa, akasema, "Mama Nyanjura, weka sahihi hapa, wanataka watu wawili." Nikanawa mikono, nikaandika jina langu (darasa la saba langu linatosha kuandika jina), nikarudi kwenye dagaa zangu. Sikuuliza watu wawili wa nini. Nilidhani ni mashahidi, kama wa ndoa.

Alipofariki tulimzika kwao Butiama. Siku ya kuanua matanga ukoo ukaketi kugawa vitu vyake kama ilivyo kwetu, nguo, redio, baiskeli, ng'ombe wawili. Nilikuwa pembeni kwenye mkeka, nimejifunika khanga, siku nyingi sijalala, nataka watu waondoke nilie peke yangu. Ndipo shemeji yangu Majura, mdogo wake marehemu, akasafisha koo.

"Na kampuni je?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akauliza hiyo kampuni iko wapi, Majura akamjibu iko stoo Musoma, ni jenereta, mashine ya kuchomelea na winchi ya kuvutia mabomba. Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema ngojeni kwanza tukaulize. Ningeweza hata kusema sijui, na huo ndio ungekuwa ukweli. Nikasema, "Chukueni tu."

Basi ikagawanywa. Majura akapata jenereta, binamu yake wa Kisorya akapata mashine ya kuchomelea, winchi akapewa mjomba wa Nyasura, na mimi nikaachiwa mhuri, wakasema huo ni kumbukumbu ya mjane. Katekista aliyefunga kikao kwa sala akamwombea marehemu pumziko, akaona asiiache na kampuni, akaiombea pia, tukaitika amina (mimi kwa sauti kuliko wote). Kwangu mambo yakawa yamekwisha. Kampuni imekufa na mwenyewe, imeombewa, imegawanywa, hakuna deni lolote na mtu.

Miaka miwili na zaidi ikapita, mimi nakaanga samaki, naenda kanisani, narudi. Jumatatu moja akaja Manyama, aliyekuwa fundi mkubwa wa marehemu. Tangu msiba alikuwa akihangaika na vibarua, leo kubeba mawe, kesho hakuna, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa umefunguka.

"Mama Nyanjura, halmashauri ya Bunda wamenipigia. Visima vya vijiji vitatu vimekufa, na wanakijiji wametutaja sisi. Wameniuliza kama bado tupo, nimewajibu tupo."

"Tupo akina nani, Manyama? Kampuni si ilikufa?"

"Basi nenda mapato uwaambie hiyo imekufa, wakupe karatasi za nyingine. Si wanasemaga wanahudumia wananchi? Ijumaa tunatakiwa Bunda na cheti cha kutodaiwa kodi. Tukiipata hii kazi, mimi na wenzangu wawili tunakula mwaka mzima."

Nikakubali kwenda. Mke wa Manyama alikuwa na mimba kubwa, na Manyama mwenyewe ndiye aliyelipaka saruji kaburi la mume wangu bila kunidai hata soda.

Jumanne asubuhi nikavaa nguo nyeusi, nikachukua cheti cha kifo ndani ya mfuko wa nailoni, nikatia na mhuri, nikaenda. Foleni ilikuwa ndefu. Dirishani alikuwepo kijana mpole, wa umri wa mwanangu wa kwanza.

"Karibu mama, nikusaidie nini?"

"Nimeleta taarifa ya msiba."

Akavua miwani kwa heshima. "Pole sana. Amefariki nani?"

"Kampuni."

Nyuma yangu mtu akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Kijana akasoma kile cheti, akakigeuza, akakisoma tena. "Hapa wameandika Mafuru."

"Ndiye mwenyewe."

"Huyu alikuwa mkurugenzi, mama. Kampuni ni mtu mwingine, na yuko hai."

Nikageuka nyuma kumtazama huyo mtu kama ameingia. (Ndiyo, niligeuka. Hilo ndilo wanalolicheka sana, na wana haki.)

Kijana akaanza kubofya kompyuta, na kila alipobofya uso wake ukawa unabadilika. Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba kampuni yetu inapaswa kuleta makadirio ya kodi kabla Machi haijaisha, na ritani ya mwaka, yaani fomu ya mapato na kodi, pamoja na hesabu za mhasibu kabla Juni haijaisha, na kwamba tangu Mafuru afariki haikuletwa hata moja, na kila mwezi uliopita una faini yake, na faini zimepandiana.

"Lakini hatukufanya kazi yoyote, mwanangu. Tulikuwa na msiba."

"Hata msipofanya kazi mnaleta ya sifuri. Kampuni haikai matanga, mama."

"Mbona hamkutuambia?"

"Tulituma ujumbe mara nyingi, kwa namba ya mkurugenzi."

"Huyo amelala Butiama."

"Kuna mkurugenzi wa pili." Akasoma jina kwenye kompyuta, majina yote matatu, kwa sauti ya ofisini, na yalikuwa majina yangu mimi.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Sijui niwaelezeje. Kwa miaka miwili nilikuwa nalala na kuamka nikijiona mjane tu, kumbe kuna mahali naandikwa mkosaji, mwezi baada ya mwezi, bila kujua. Wakanipa kiti. Kijana akatoka hadi nilipokaa, akainama.

"Sikiliza mama. Unaweza kuandika barua ya kuomba msamaha wa faini, useme kampuni ililala tangu msiba. Hakuna kitu kilichouzwa wala kutolewa, si ndiyo?"

"Ndiyo," ikajibu foleni nzima kwa niaba yangu.

Nikaupapasa mhuri ndani ya mfuko. Mzee mmoja mwenye kofia ya pama akaninong'oneza, "Dada, itika tu."

"Vilitolewa," nikasema. "Jenereta anayo Majura, mashine iko Kisorya, winchi iko Nyasura. Tuligawana siku ya matanga."

"Dada, nyamaza basi," akasema mzee wa pama, sasa bila kunong'ona.

Kijana akaweka kalamu chini. Akasema vile vitu havikuwa vya marehemu hata siku moja, vilikuwa vya kampuni, marehemu alikuwa na hisa tu, na ukoo hauwezi kugawa mali ya mtu ambaye hajafa. Vikusanywe, mhasibu avihesabu, ritani zote ziletwe, barua iandikwe, ndipo tuzungumze habari ya cheti. Nikamuuliza kama hayo yatawezekana kabla ya Ijumaa. Hakucheka, nami namshukuru mpaka leo.

Jumatano nilikwenda Butiama kwa Majura. Jenereta alikuwa ameiweka sentani, pale kwenye maduka, anachajia watu simu, wamekaa wengi kwenye benchi.

"Shemeji, mgao wa ukoo haurudi," akasema. "Si wewe mwenyewe ulitwambia tuchukue?"

"Nilisema. Nilikosea. Serikali inasema kampuni haijafa."

"Basi iambie ije yenyewe ichukue jenereta yake."

Benchi zima likacheka. Nilirudi Musoma mikono mitupu.

Ijumaa tukakutana Bunda, kwenye ofisi za halmashauri. Manyama alikuwa amenyoa, amevaa shati la kuazima lililopigwa pasi mpaka linameta, na wale wenzake wawili wamesimama nje wanachungulia dirishani. Nilishamweleza yote, lakini alikuwa na imani kwamba watu wakionana uso kwa uso mambo hulegea. Chumba kilijaa mafundi na wenye makampuni. Afisa akaita kampuni yetu, akanyoosha mkono apokee cheti.

Manyama akaninong'oneza, "Sema kinashughulikiwa."

Nikasimama. "Hatuna," nikasema, "na wiki hii hatutakipata. Mimi ndiye mkurugenzi, na sikupeleka ritani hata moja, na mali ya kampuni tuligawana nyumbani." Sijui kwa nini niliongeza hilo la mwisho, hakuna aliyeniuliza. Afisa akaitazama karatasi yake, akaita kampuni iliyofuata.

Nje Manyama aliegemea ukuta, lile shati likachafuka chokaa. "Ungesema kinashughulikiwa, wangetupa hata wiki moja."

"Haikuwa kweli."

"Najua." Akakung'uta chokaa begani. "Mafuru naye angesema hivyo hivyo. Lakini yeye angekuwa na cheti."

Hilo nililipokea.

Vitu vilirudi, kimoja kimoja, baada ya kikao cha ukoo ambacho sitaki kukisimulia. Mhasibu alifanya kazi yake, faini zikasamehewa baadhi, nyingine nalipa kidogo kidogo kwa hela ya samaki. Vile visima vitatu vilitengenezwa na kampuni ya watu wengine, na Manyama akaajiriwa nao, akahama na mke wake na mtoto mchanga. Machi iliyopita nilikuwa wa kwanza dirishani. Kijana akaniuliza mwaka huu kampuni inakadiria kupata nini, nikamwambia sifuri, vifaa vipo ila fundi hayupo, akaandika.

Nimeapa hivi, nanyi ni mashahidi wangu. Machi ikikaribia kuisha, au Juni, hata kama nina maiti ndani ya nyumba, nitawaomba waombolezaji wanisubiri, nitakwenda kupeleka ritani, kisha nitarudi kulia.